Ukuta Usioonekana Kutoka Mwezini

Muulize mshindani yeyote wa chemsha bongo ni kazi gani ya mikono ya binadamu inayoonekana kutoka mwezini, naye atakujibu kabla hujamaliza swali: Ukuta Mkuu wa China. Jibu hilo limo katika vitabu vya watoto, limetangazwa redioni, na wapo wanaolifundisha darasani hadi leo. Kasoro yake ni kwamba si kweli. Oktoba 2003 Yang Liwei, Mchina wa kwanza kurushwa angani na nchi yake, aliizunguka dunia ndani ya chombo cha Shenzhou 5, na aliporudi akasema hakuuona ukuta huo. Alikuwa kilomita mia tatu na kitu tu juu ya ardhi, ilhali mwezi uko umbali wa kilomita 384,000 hivi. Isitoshe, dai hilo lilianza kuchapishwa vitabuni zamani, wakati hakuna aliyewahi kufika huko juu akaangalia chini. Lilikuwa la kubuni tangu mwanzo, na likadumu kwa sababu linapendeza sikioni.

Makosa yapo kila mahali, na hili peke yake lisingestahili makala. Linalolifanya listahili ni kwamba mtu asiyewahi kusikia habari hii angeweza kuikwepa kwa hesabu ndogo kichwani. Ukuta una urefu wa maelfu ya kilomita, lakini upana wake ni wa mita chache, na jicho linapotazama kutoka mbali hushindwa na upana. Unywele, hata ungekuwa na urefu wa uwanja wa mpira, hauonekani na aliyesimama jukwaani. Barabara kuu nyingi za leo zina upana unaouzidi ukuta huo, na hakuna anayedai kwamba mwezini zinaonekana. Kwa hiyo swali hili humpa alama aliyesikia na kumnyima aliyefikiri. Hapo ndipo ilipo hoja yangu: swali la maarifa ya jumla lina thamani pale asiyelijua jibu anapoweza kulikaribia kwa kuunganisha mambo mengine anayoyajua. Pasipo njia hiyo, linalopimwa ni masikio. Na China ni mahali pazuri pa kuijaribu hoja hii, maana ni nchi ambayo kila mtu amesikia habari zake, hata yule ambaye hajawahi kufungua ramani yake.

Waswahili wanacho kipimo cha akili kisichohitaji kitabu. Mmoja hutega, mwenzake huhangaika kutegua, na akishindwa hutoa mji ndipo apewe jibu. Aliyeshindwa hucheka au hujilaumu, kwa sababu akilisikia jibu hutambua kwamba lilikuwamo ndani ya kitendawili muda wote. Wachina nao wana mchezo wa aina hiyo. Usiku wa 15 wa mwezi wa kwanza, katika Sikukuu ya Taa, mafumbo hubandikwa kwenye taa za karatasi na wapita njia huyafumbua. Desturi hiyo ina mizizi katika enzi ya nasaba ya Song, iliyotawala kuanzia 960 hadi 1279. Swali la chemsha bongo kwa kawaida ni kinyume cha fumbo. Ukiulizwa Kongzi, ambaye watu wa Ulaya humwita Confucius, alizaliwa mwaka gani, hata ukifikiri mpaka asubuhi hutaipata 551 KK kama hukuisoma mahali. Maswali ya namna hii hatuwezi kuyaepuka kabisa, na nitayarudia mbele. Tatizo linakuja yanapokuwa ndiyo mchezo mzima.

Ajabu ni kwamba nchi tunayoitungia maswali haya imehangaika na tatizo hili kuliko nchi nyingine yoyote. Tangu mwanzoni mwa karne ya 7, wakati wa nasaba ya Sui, hadi 1905, watumishi wa serikali ya China walikuwa wakichaguliwa kwa mitihani. Ni miaka 1,300 hivi ya kuuliza maswali na kutoa alama. Chini ya nasaba ya Tang palikuwa na shahada mbili kuu. Moja ilipima zaidi ujuzi wa vitabu vya kale: mtahiniwa aliwekewa ukurasa uliofunikwa, ukabakizwa mstari mmoja wenye maneno machache yaliyozibwa kwa vipande vya karatasi, naye akatakiwa kuyajaza. Yeyote aliyewahi kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika mtihani wa shule ataitambua mbinu hiyo mara moja. Shahada ya pili ilidai mashairi na insha kuhusu mambo ya utawala. Watu wa Tang wenyewe walizipima vizuri: aliyepata ile ya kukariri akiwa na miaka 30 alihesabiwa amechelewa, na aliyepata ile ya pili akiwa na miaka 50 alihesabiwa bado kijana. Walijua fika kwamba kukumbuka na kuelewa ni vitu viwili, na wakaviwekea bei mbili.

Mjadala haukuishia hapo. Mwaka 1071 waziri Wang Anshi aliupangua mtihani wenyewe. Aliondoa utungaji wa mashairi na majaribio ya kukariri, akataka watahiniwa waeleze maana ya vitabu na namna ya kuitumia katika utawala. Wapinzani wake walikuwa wengi, na mageuzi yake yakageuzwa na kurudishwa kadiri makundi yalivyopokezana madaraka. Baadaye, chini ya nasaba za Ming na Qing, ushindi ukaenda kwa umbo: insha iligawanywa katika sehemu nane zenye kanuni kali, na aliyekosea mpangilio alianguka hata kama hoja yake ilikuwa nzito. Maandishi ya msingi ambayo mtahiniwa alipaswa kuwa nayo kichwani yalizidi herufi 400,000 za Kichina. Katika uwanja wa mitihani wa Jiangnan, mjini Nanjing, vilikuwapo vijumba zaidi ya 20,000, kila kimoja cha mtu mmoja, ambamo watahiniwa walikaa siku na usiku na chakula chao, wino wao na ndoo yao. Makarani walizinakili upya karatasi zote ili msahihishaji asiutambue mwandiko wa mtu. Na bado wapo waliojitengenezea nguo za ndani zilizojazwa vitabu vizima kwa herufi ndogo kama chawa. Hong Xiuquan, mwana wa wakulima wa Guangdong, alianguka mitihani hiyo mara nne, kisha akaongoza uasi wa Taiping, uliotangazwa 1851 na kuzimwa 1864 baada ya mamilioni ya watu kufa. Sisemi kwamba mtihani ndio ulioleta uasi, maana njaa, ardhi na udhaifu wa dola vilikuwapo tayari. Nasema tu kwamba pale, alama za karatasi hazikuwa mchezo.

Mtihani ulipokwisha kufutwa, mwandishi Lu Xun alimchora mtu aliyeachwa nyuma nao. Katika hadithi yake fupi ya mwaka 1919, Kong Yiji ni msomi aliyeanguka, mlevi anayechekwa kilabuni, ambaye fahari yake iliyobaki ni kujua namna nne za kuandika herufi moja iliyomo katika jina la kitafunio kinachouzwa pale. Hajui kazi yoyote ya kumlisha, ila hizo namna nne anazijua. Sidhani yupo mwandishi wa taifa jingine aliyewahi kuikosoa chemsha bongo tupu kwa ukali kuliko huo.

Sasa tuitazame ramani. Maswali ya jiografia ya China yanayozunguka mashindanoni ni yale yale: mto mrefu kuliko yote, idadi ya nchi zinazopakana nayo, mlima mrefu. Majibu yake ni sahihi (Yangtze wenye kilomita 6,300 hivi, nchi 14, na Everest ulioko mpakani na Nepal), lakini hakuna linaloelekea kwa jingine. Ningependa liulizwe swali kama hili: mwaka 1935 mwanajiografia Hu Huanyong alichora mstari ulionyooka kutoka Heihe, kaskazini mashariki, hadi Tengchong, mkoani Yunnan kusini magharibi; je, Wachina wengi wanaishi upande gani, na ni wengi kiasi gani? Asiyewahi kusikia jina la Hu anaweza kuanza na anachokijua. Magharibi kuna Tibet iliyoinuka na majangwa ya Xinjiang. Mvua huja na pepo za msimu kutoka baharini, kusini na mashariki, na kadiri unavyokwenda ndani ndivyo inavyopungua. Penye mvua kidogo watu hufuga na kuhama. Penye mvua nyingi hulima na kujaa. Basi atasema mashariki, na atakisia sehemu kubwa sana. Jibu ni asilimia 94 hivi ya watu wote kwenye asilimia 43 hivi ya ardhi. Hata akikisia asilimia 80, amekwisha kuielewa China zaidi ya yule aliyekariri urefu wa Yangtze.

Mvua hiyo hiyo inaurudisha Ukuta mahali pake. Sehemu kubwa ya njia yake inafuatana na ukanda ambako mvua hupungua hadi milimita 400 hivi kwa mwaka, yaani pale ambapo kilimo cha nafaka kinaanza kuwa cha kubahatisha na malisho kuwa njia bora ya kuishi. Upande mmoja walikaa wakulima waliolipa kodi, upande mwingine wafugaji wenye farasi. Swali la kawaida, nani alijenga Ukuta Mkuu, linasubiri jina la Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China mwaka 221 KK. Ni kweli aliamuru kuta za zamani za kaskazini ziunganishwe, lakini nyingi kati ya hizo zilikuwa za udongo ulioshindiliwa. Ule wa matofali na minara ambao watalii hupigia picha Badaling, karibu na Beijing, ni wa nasaba ya Ming, zaidi ya miaka 1,500 baadaye. Na ile hesabu ya kilomita 21,196 iliyotangazwa na serikali ya China mwaka 2012 inajumlisha kuta, mahandaki na vizuizi vya nasaba nyingi, vingi vikiwa sambamba au vimebaki vifusi. Kwa hiyo aliyeulizwa nani alijenga Ukuta akauliza "ukuta upi?" anastahili alama, ingawa mashindano mengi yangemnyima.

Chakula nacho kina mtego wake. Chakula kikuu cha Wachina ni kipi? Wali, watajibu wengi, na nusu ya nchi itawashangaa. Kaskazini mwa milima ya Qinling na mto Huai, ambako mvua ni haba na majira ya baridi makali, watu wamekula ngano kwa karne nyingi: tambi, mikate ya mvuke, maandazi madogo yaliyojazwa nyama na mboga. China huvuna ngano kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Na tambi zikitajwa, hakosi mtu wa kusema kwamba Marco Polo alizipeleka Italia aliporudi mwaka 1295. Lakini al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu aliyefanya kazi katika jumba la mfalme wa Sicily, alikwisha kuandika mwaka 1154 kwamba kisiwani humo zilitengenezwa tambi na kusafirishwa kwa meli. Wala uzee wa tambi za China hauhitaji hekaya hii, maana huko Lajia, mkoani Qinghai, lilifukuliwa bakuli lenye tambi za umri wa miaka 4,000 hivi.

Majibu mengine yalikuwa sahihi jana. Mtu aliyekariri kwamba China ndiyo nchi yenye watu wengi kuliko zote alishinda kwa miaka mingi, lakini kwa hesabu za Umoja wa Mataifa India iliipita mwaka 2023. Mwingine atasema mji mkubwa kuliko yote ni Chongqing, kwa sababu sensa ya 2020 iliukuta na watu milioni 32. Ukitazama eneo unakuta kilomita za mraba zaidi ya 82,000, kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, na ndani yake kuna milima, mashamba na vijiji visivyohesabika. Huo ni mkoa uliopewa hadhi ya jiji mwaka 1997. Idadi ni ya kweli; jina lake ndilo linalodanganya.

Kuhusu uvumbuzi nitapita haraka, kwa sababu orodha ya vitu vinne, yaani karatasi, uchapaji, baruti na dira, imekwisha kuwa kama sala. Kinachosahaulika ni kwamba Francis Bacon, Mwingereza, alivitaja vitatu kati ya hivyo mwaka 1620 kuwa vimeibadili dunia, na hakujua vilikotoka. Karatasi hupewa Cai Lun na mwaka 105 BK. Hata hivyo wachimbuaji wamepata Fangmatan, mkoani Gansu, kipande cha karatasi cha karne ya 2 KK. Cai Lun aliiboresha na kuitangaza mbele ya mfalme; waliotangulia hawakuwa na mwandishi wa kumbukumbu karibu.

Swali ambalo kila mtunzi wa Afrika Mashariki hupenda kuliweka ni la twiga. Mji gani wa pwani yetu ulimpelekea mfalme wa China twiga? Malindi, mwaka 1415. Safi. Lakini jibu hilo likiachwa hivyo, linabaki kuwa kichekesho cha mnyama mwenye shingo ndefu kwenye merikebu. Swali la pili ndilo lenye nyama: kwa nini mfalme alifurahi kiasi kile? Yongle, mfalme wa tatu wa Ming, alikinyakua kiti kutoka kwa mtoto wa ndugu yake mwaka 1402, baada ya vita vya ndani vya miaka mitatu. Katika mila za Kichina kuna mnyama wa ngano aitwaye qilin, ambaye inasemekana hutokea anapotawala mfalme mwema. Twiga wa kwanza alikuwa amefika mwaka mmoja kabla, zawadi ya mfalme wa Bengal, na jumba lote likaambiwa kuwa ndiye qilin. Kwa mtawala ambaye haki yake ya kutawala ilinong'onezwa pembeni, mnyama kama huyo alikuwa shahidi asiyeweza kuhojiwa. Mshindani anayejua namna Yongle alivyopata kiti angeweza kukisia furaha yake bila kusoma habari za twiga mahali popote.

Aliyeongoza merikebu za Yongle alikuwa Zheng He, Mwislamu kutoka Yunnan, aliyetekwa akiwa mtoto, akafanywa towashi na kulelewa katika nyumba ya huyo huyo mfalme wa baadaye. Alisafiri mara saba kati ya 1405 na 1433, na merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi. Mwaka 2013 ilipatikana katika kisiwa cha Manda, Kenya, sarafu yenye jina la Yongle. Mtunzi wa maswali mwenye haraka ataiita ushahidi kwamba Zheng He alitua Manda. Sarafu, hata hivyo, hupita mikono mingi. Vyombo vya kauri vya China vilivyofukuliwa Gede na Kilwa, na vile vilivyopamba nguzo za makaburi ya pwani, vingi vililetwa na wafanyabiashara wa Kiarabu, Kiajemi na Kihindi, na biashara hiyo ilianza karne kadhaa kabla Zheng He hajazaliwa. Kama sahani za China zilifika bila Wachina, sarafu nayo ingeweza. Na yule Gavin Menzies aliyeandika mwaka 2002 kwamba merikebu hizo zilifika Amerika mwaka 1421 hakuwashawishi wanahistoria. Kitabu chake kiliuzwa sana, jambo ambalo kwa chemsha bongo ni hatari kuliko uongo usiouzwa.

Safari hizo zilikoma kwa nini? Jibu linarudi kwenye mvua na farasi. Mji mkuu ulikuwa umehamishiwa Beijing mwaka 1421, karibu na mpaka wa Wamongolia, na gharama za jeshi la kaskazini ziliongezeka huku maofisa wasomi wakizilaumu merikebu kwa ufujaji. Mwaka 1449 Wamongolia walimteka mfalme mwenyewe huko Tumu. Baada ya hapo fedha za Ming zilikwenda zaidi na zaidi kwenye ngome za kaskazini, na ndizo zilizozaa Ukuta huu wa matofali. Ukuta wa Badaling na kutorudi kwa merikebu Malindi ni sura mbili za hadithi moja, ingawa sijawahi kuona karatasi ya maswali iliyoziweka pamoja.

Atakayepinga ataanza na jambo la haki: mtu hawezi kuunganisha asichonacho. Ili ukisie sababu ya furaha ya Yongle, sharti ujue kwanza kwamba alinyakua kiti. Ili ukisie walipo watu, sharti ujue ilipo Tibet. Nakubali. Miaka na majina ni lazima, na swali la mji mkuu ni upi lina nafasi yake mwanzoni mwa mchezo. Ninachokataa ni kuyapanga maarifa hayo kana kwamba hayana ndugu. Mwaka 221 KK una maana kwa mtu anayejua kwamba kabla yake kulikuwa na falme zinazopigana na baada yake kulikuwa na maandishi, vipimo na upana mmoja wa ekseli za magari katika nchi nzima. Ukiwa peke yake ni namba ya simu ya mtu usiyemjua.

Atakuja wa pili aseme kwamba chemsha bongo ni burudani, na nisiigeuze kuwa darasa. Mimi naona burudani ndiyo inayoumia zaidi na maswali ya kukariri. Tazama ukumbi pale mtu anapoulizwa Mji Uliokatazwa wa Beijing una vyumba vingapi: wanaojua hujibu, wengine hunyamaza, tumekwenda mbele. Lakini waambie kwamba simulizi za kale hutaja vyumba 9,999 na nusu, kisha uwaulize kwa nini mjenzi aache nusu chumba, na ukumbi mzima utaanza kubishana. Simulizi hujibu kwamba mbinguni kuna vyumba 10,000, na mfalme hakuthubutu kulingana nako. Waliohesabu kweli walipata zaidi kidogo ya 8,700. Swali moja limetoa mabishano, adabu ya kifalme na tofauti kati ya simulizi na hesabu, na hakuna aliyesinzia.

Pingamizi la tatu linagusa anayeshika karatasi ya majibu. China iliingia Umoja wa Mataifa lini? Ukisema 1945 uko sahihi, maana China ilikuwa miongoni mwa waanzilishi. Ukisema 1971 nawe una hoja: kiti hicho kilishikwa na serikali iliyokimbilia Taiwan mwaka 1949, mpaka tarehe 25 Oktoba 1971 Baraza Kuu lilipokikabidhi kwa serikali ya Beijing kwa kura 76 dhidi ya 35. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolileta azimio hilo, balozi wake Salim Ahmed Salim akionekana wazi katika shangwe za ukumbini, na wakati huo huo mafundi wa Kichina walikuwa wakilaza reli ya TAZARA kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Aliyeandika jibu moja tu kwenye karatasi yake amekwisha kuchagua upande, pengine bila kujua. Hapa siioni njia isipokuwa swali kuandikwa kwa urefu zaidi, likitaja serikali gani na kiti gani. Maswali mafupi hupendwa na waendeshaji wa vipindi kwa sababu ya muda, nami naona sehemu kubwa ya ujinga unaosambazwa na chemsha bongo inatokana na ufupi huo.

Zito kuliko yote ni pingamizi kwamba kufikiri nako hupotosha. China ina kanda ngapi za saa? Mwenye akili atahesabu: nchi ina upana wa nyuzi 60 na zaidi za longitudo, kila nyuzi 15 ni saa moja, basi kanda nne au tano. Jibu ni moja. Tangu 1949 nchi nzima hufuata saa ya Beijing, na huko Kashgar, magharibi ya mbali, wakati wa baridi jua huchomoza yapata saa nne asubuhi. Aliyekariri ameshinda, aliyefikiri ameanguka. Lakini alianguka kwa sababu alifikiri kwa longitudo peke yake. Kabla ya 1949 nchi iligawanywa katika kanda tano, na ilikuwa nchi iliyochoshwa na wababe wa vita, uvamizi wa Japani na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Anayeijua historia hiyo angeweza kushuku kwamba serikali mpya ingetaka umoja uonekane hata ukutani penye saa. Na watu wengi wa Xinjiang huendelea kutumia saa yao isiyo rasmi, iliyo nyuma kwa saa mbili, jambo ambalo halitamshangaza Mswahili, aliyezoea kusema saa moja huku saa yake ya mkononi ikionyesha saba.

Niweke mfano wa swali ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili wanaweza kulitegua kuliko watu wa Ulaya. Mwaka mpya wa Kichina huanza mwezi unapoandama, na miezi yake hufuata mwezi wa angani, kama ilivyo kalenda ya Kiislamu. Mwaka wa namna hiyo una siku 354 hivi, pungufu ya ule wa jua kwa siku 11, na ndiyo sababu Ramadhani huzunguka kutoka kiangazi hadi masika na kurudi. Lakini mwaka mpya wa Kichina hauzunguki; daima huangukia kati ya Januari 21 na Februari 20 au karibu na hapo. Wanafanyaje? Aliyewahi kuona Ramadhani ikirudi nyuma kila mwaka anayo karibu kila kitu anachohitaji: siku zinazopotea lazima zirudishwe, na kwa kuwa mwezi haukatwi vipande, zitarudishwa kwa mwezi mzima. Ndivyo ilivyo. Mwezi wa ziada huingizwa mara saba katika kila miaka 19. Ndiyo maana aliyezaliwa Februari 2, 2000 ni wa mwaka wa sungura, si wa joka, kwani mwaka wa joka ulianza siku tatu baadaye. Na ndiyo maana mwaka wa nyoka, ulioanza Januari 29, 2025, ulikuwa na miezi 13, ukachukua siku 384 kabla ya kumwachia farasi Februari 17, 2026.